Kigoda cha Uturuki

Tajiri Mtopa alikipiga teke kigoda cha mchongaji Nandonde bila hata kukitazama.

"Kuni hizo! Nasikia umealikwa Uturuki. Niletee zawadi, kigoda cha maana, nami nitakupa mbuzi."

Mwezi uliofuata Nandonde alirudi na kigoda kingali na kibandiko cha uwanja wa ndege mguuni. Mtopa akaita majirani, akakipapasa mbele yao.

"Mnaona kazi ya watu? Jifunze, Nandonde!"

"Najifunza, tajiri. Na mbuzi?"

"Mchukue!"

Nandonde alipokuwa akimvuta mbuzi getini, jirani mmoja akamuuliza, "Kumbe Waturuki nao wanachonga mpingo?"

"Wapi! Ni kilekile kilichopigwa teke. Kimepanda ndege tu, kikapata heshima."