Mpakato Hupimwa Pajani

Mpakato hupimwa pajani, haupimwi dirishani. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia kaka yenu maneno hayo aliporudi na viatu vinavyombana, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza viatu na kompyuta vina undugu gani. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, na wala si zamani sana. Baadhi ya waliokuwapo bado tunakunywa nao chai.

Huko milimani Upareni, katika kijiji cha Kwemboe, aliishi mwalimu mstaafu aitwaye Elineema. Alikuwa mtu mwema, tena msomi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: neno “sijui” lilikuwa halipiti kooni mwake. Ukimwuliza njia ya mahali asikowahi kufika, atakuelekeza, na kona atakutajia. Alipenda pia Kiswahili fasaha. Yeye ndiye aliyewafundisha watu wa Kwemboe kwamba kompyuta ile ndogo ya kukunja isiitwe laptopu, iitwe mpakato, kwa sababu mtu huipakata mapajani kama anavyopakata mtoto.

Jirani yake alikuwa Bi Nakiete, mama wa miaka themanini. Ujanani Bi Nakiete alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya shamba la mkonge. Uzeeni akaanza kuokota maneno ya Kipare yaliyokuwa yakipotea. Miaka kumi na tisa alizunguka kwa wazee wenzake, akiandika kwenye madaftari, kila herufi na daftari lake. Mchapishaji mmoja akakubali kuyatoa yawe kamusi, kwa sharti kwamba yasiletwe kwa mwandiko wa mkono. Bi Nakiete hakutaka kingine duniani. Alitaka kuishika kamusi ile kabla hajafumba macho.

Kijiji kikamchangia tangawizi, kila nyumba debe moja, ikauzwa. Nani ashuke mjini kuchagua kompyuta? Watu wote wakamtazama Mwalimu Elineema, naye akakohoa kidogo kama mtu aliyekuwa akingojea kutajwa.

Sasa sikilizeni. Nyumba ya Bi Nakiete ilikuwa na giza, na macho yake yalihitaji mwanga, kwa hiyo kazi zake zote alizifanya barazani, juani, amenyoosha miguu kwenye mkeka. Umeme wake ulikuwa kipande cha sola cha kuchajia simu. Mwalimu alipita hapo kila asubuhi akimwamkia. Hata siku ya safari alipita, akamwamkia, akaenda zake. Hakumwuliza kitu.

Dukani alipokewa na dada mmoja mchangamfu.

“Karibu mzee. Unatafuta laptopu?”

“Sema mpakato,” Mwalimu akamsahihisha. “Kiswahili tunacho.”

“Haya, mpakato. Ni wa nani, na ataufanyia kazi gani? Atakaa ndani au nje? Umeme anao?”

Mwalimu alikuwa na majibu yote. Lakini pembeni walisimama wanaume wawili waliovaa tai, na kutamka mbele yao kwamba ametumwa na bibi anayekaa mkekani, akaona haya.

“Ni wangu,” akasema. “Wa ofisini.”

Dada yule akamwonyesha kwanza moja nene, nyeusi. Akamweleza kwamba kioo chake hakirudishi mwanga, herufi zake ni kubwa na nyeupe, vibonye vyake vinazama vizuri kidoleni, na betri inakaa siku nzima.

“Hili tofali?” Mwalimu akacheka, akiwatazama wale wenye tai. “Nipe ile ya dirishani.”

Ile ya dirishani ilikuwa nyembamba kama chapati, rangi ya fedha, na mgongoni ilikuwa na nembo ya mbayuwayu. Mwalimu aliwahi kuiona chapa hiyo mezani kwa bwana mkubwa mmoja wa wilayani. Dada akamwambia kwamba kwa ofisini itamfaa sana. Hakukosea, maana alijibu kile alichoambiwa.

Kwemboe walipiga vigelegele. Bi Nakiete akaipakata pale barazani, akaifungua. Akainamisha kichwa, akakiinua, akaisogeza, akairudisha.

“Mwalimu,” akasema polepole, “humu namwona bibi kizee tu.”

Kioo kiling'aa mno. Juani kilimwonyesha uso wake mwenyewe na mawingu nyuma yake. Herufi za vibonye zilikuwa za kijivu juu ya rangi ya fedha, na vidole vyake, vilivyozoea kubonyeza taipureta kwa nguvu, viliteleza. Wakaihamishia ndani gizani. Ikaonyesha vizuri, lakini kabla ya adhuhuri ikazima, na ile sola ikashindwa kuiamsha.

Mwalimu akaona kila kitu kwa mara moja. Akafungua kinywa. Bi Nakiete akamtangulia.

“Usisikitike, mwanangu. Kosa si lako. Ni macho yangu yamekwisha.”

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Akasema, “Ndiyo, mama. Uzee nao una mambo yake.”

Wanangu, aibu ya namna ile haina kelele. Mwalimu akabadili njia ya kwenda kisimani ili asipite barazani pale. Watu wakaanza kunong'ona kwamba tangawizi yao imeliwa bure, kwamba bibi alijitia kuweza asiloliweza. Walinong'ona hata mbele ya Mwalimu, naye akaitikia kwa kichwa kama anayekubali. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye methali hiyo alikuwa ameifundisha darasani miaka thelathini.

Miezi minne ikapita. Siku ya gulio akanunua karanga kwa Mama Kiangi. Alipomaliza kutafuna akaikunjua karatasi zilimofungwa ili aitupe, na mkono ukamsimama. Ulikuwa mwandiko wa Bi Nakiete, umepangwa mstari kwa mstari, kila neno na maana yake, na pembeni jina la mzee aliyelitoa.

“Mama Kiangi, karatasi hizi umezipata wapi?”

“Kanipa Bi Nakiete. Anasema hana kazi nazo tena, macho yamemsaliti. Leo nimemalizia daftari la kwanza, mengine kaniambia nikayafuate kesho.”

Mwalimu aliiacha kofia yake hapo hapo kwenye meza ya karanga. Alipanda kilima mbio, mzee mzima, watu wakidhani kuna msiba. Bi Nakiete alikuwa barazani akichambua maharage, na madaftari yamefungwa kwa kamba mlangoni, yakingoja kuchukuliwa.

“Mama, nisamehe,” akasema akihema. “Macho yako hayana neno. Kompyuta ndiyo niliyoikosea. Waliniuliza ni ya nani, nikasema yangu. Niliona haya kukutaja.”

Bi Nakiete akauweka ungo wa maharage chini.

“Ulijua tangu siku ile?”

“Tangu siku ile.”

“Ukaniacha nijione kipofu.”

Machozi yalimtoka Mwalimu, wala hakuyafuta.

“Mwalimu, si wewe uliyetufundisha neno mpakato? Ukasema limetoka kwenye kupakata. Basi mpakato hupimwa pajani, haupimwi dirishani. Na paja langu lilikuwa hapa hapa mkekani. Ulikuwa ukilipita kila asubuhi.”

Jumapili ile, watu walipotoka kanisani, Mwalimu alisimama akasema yote mbele ya waliotoa tangawizi, pamoja na kile kicheko cha dukani. Wengine waliinama wasimtazame. Kesho yake aliteremka mjini, safari hii na Bi Nakiete mwenyewe. Dada yule akakubali kubadilisha. Bi Nakiete akaomba mkeka utandikwe nje ya duka, juani. Akalipakata tofali lile jeusi, akapiga jina lake, akalisoma bila miwani. Wapita njia walisimama kuangalia, na Mwalimu alisimama nyuma yake akiwa amebeba mkoba wa bibi.

Kamusi ilitoka baada ya miaka miwili. Bi Nakiete aliishika mikononi, akainusa, akacheka kama msichana. Lakini daftari la kwanza kwenda kwa Mama Kiangi lilikuwa la herufi L, na Mwalimu alipozunguka gulio zima aliokota karatasi tisa tu. Nyingine zilikwenda na karanga. Bi Nakiete alijaribu kuyakumbuka yale maneno, akakumbuka machache. Waliompa walikwisha kuzikwa.

Kwa hiyo mkiifungua kamusi ile mtaona kurasa nyingi za K, kurasa nyingi za M, na katikati yake karatasi mbili nyembamba za L. Mwalimu Elineema aliiweka nakala yake mezani kila siku ya maisha yake yaliyobaki. Mgeni akimwuliza mbona L ni chache hivi, hakusema kwamba Wapare hawana maneno ya L, wala hakusema hajui. Alijibu, “Mimi ndiye niliyeyapoteza. Mpakato hupimwa pajani, haupimwi dirishani.”