Mlango wa Kituo cha Kwemgunda

Anayetaka ya sungura na fisi aende nyumba ya jirani, huko watamchekesha. Mimi leo nina ya watu watatu na mlango mmoja, na mwisho wake sina. Mtanisaidia ninyi.

Wa kwanza aliitwa Mntambo, tabibu wa meno. Kipaji chake kilikuwa ganzi. Anakuchoma sindano huku anakuuliza habari za shamba. Ukija kushtuka, jino liko kwenye sahani. Wa pili ni Bi Mwantumu, mkunga, na kipaji chake kilikuwa mikono. Wanawake wa Kwemgunda walisema akikushika tumbo tu, unapata nguvu ya kuendelea. Wa tatu ni Bwana Shekalaghe, mkaguzi wa afya wa serikali. Huyu kipaji chake jicho. Akiingia jikoni kwako anaona uchafu ambao wewe mwenye jiko hujawahi kuuona, na hanywi hata soda ya mtu.

Sasa pale kituoni palikuwa na sufuria moja tu ya kuchemshia vifaa. Koleo za meno na mikasi ya uzazi vilichemka humo pamoja kama makande. Ya pili iliombwa wilayani mpaka waombaji wakachoka. Watu wakaanza kuvimba mataya na kutoka usaha. Shekalaghe akaja, akaona, akafunga. Wala hakufunga chumba cha meno peke yake, maana sheria yao haikujua chumba, ilijua jengo. Akatia kufuli, akabandika lakiri ya serikali, akasema patafunguliwa sufuria ya pili ikifika. Msimlaumu haraka. Alikuwa na haki.

Sufuria haikuja. Masika yakapita. Mntambo na Bi Mwantumu waliendelea kuja asubuhi, wakakaa barazani, jioni wakarudi makwao, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasije.

Katika miezi hiyo alikuja Sikudhani, mama wa watoto wanne, kuchomwa sindano yake ya uzazi wa mpango. Akakuta kufuli. Mimba ya tano ikaingia, na wa nne bado anatambaa, na baba yao hana kazi. Akanywa kitu alichopewa na mwanamke mmoja wa mtaani, na mchana wa siku ya gulio akaletwa barazani kwenye mkokoteni, kanga zote damu. Gari la wagonjwa lilikuwa limewapeleka wakubwa na daktari semina. Semina ya nini? Ya usalama wa wagonjwa. Mnacheka, eti. Mimi nilipoambiwa sikucheka.

Shekalaghe alikuwepo siku hiyo. Alikuja kuangalia kama lakiri yake iko salama. Akamtazama Sikudhani, akaitazama lakiri, akaivunja kwa mkono wake, akafungua na kufuli. Kuvunja lakiri ya serikali ni kosa, hata kama aliyeibandika ni wewe mwenyewe.

Mntambo akaingia, akachemsha vifaa kwenye sufuria ile ile iliyopigwa marufuku, akamchoma Sikudhani dawa ya kutuliza maumivu. Tabibu wa meno kumdunga mtu asiyeumwa meno, hilo nalo ni kosa.

Bi Mwantumu akasafisha kizazi. Huko kwao mkunga haruhusiwi kufanya kazi hiyo daktari asipokuwepo, na mwanamke akiwa amejitoa mimba ndiyo kabisa. Kosa la tatu. Sikudhani akapona, na mlango ukafungwa tena kama ulivyokuwa.

Alipopata nguvu za kutembea akarudi kituoni na jogoo, ndiye pekee aliyekuwa naye. "Ni wa yule aliyeniokoa," akasema.

"Basi ni wangu," akasema Shekalaghe. "Nisingevunja lakiri, hawa wenzangu wangekusomea dua hapo barazani."

"Na kuingia ndani kungemfaa nini?" akauliza Mntambo. "Kwa vifaa vichafu na maumivu yale, angefia kitandani badala ya barazani."

Bi Mwantumu akawacheka. "Haya wanangu, mlango ulifunguka na maji yakachemka. Mkono uliofanya kazi ulikuwa wa nani?"

Wakabishana hivyo kwa raha zao mpaka gari la kamati ya wilaya likasimama uani. Habari zilikuwa zimeshafika. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Makosa yamefanyika," akasema, "na lazima apatikane wa kuyabeba. Mmoja ananitosha. Nikimpata, yeye ataachishwa kazi na kushtakiwa, na kituo nakifungua leo hii. Sufuria ya pili ninayo garini. Nisipompata, naondoka nayo. Kazi hii kaifanya nani?"

"Mimi nilifungua mlango tu," akasema Shekalaghe.

"Mimi nilichemsha maji tu," akasema Mntambo.

Bi Mwantumu akatazama chini. "Mimi nilimalizia walichokianza wenzangu."

Jogoo sasa hana mwenyewe. Iliniuma kusikia hivyo, lakini na wao wana watoto wa kulisha.

Mwenyekiti akamgeukia Sikudhani. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa kitandani. Nionyeshe mmoja. Ukishindwa, nitakuuliza ulikunywa nini, na nitakuchukua wewe. Kwangu mimi, mtu ni mtu."

Nje ya uzio, mdogo wake Sikudhani ameshika nguzo, uchungu umemwanza. Ni mimba yake ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya. Anautazama mlango.

Akimtaja Bi Mwantumu, mlango utafunguliwa na ndani hamna mkunga. Akimtaja Mntambo, Kwemgunda nzima itarudi kung'olewa meno na fundi baiskeli, kwa plaizi. Akimtaja Shekalaghe, ataletwa mkaguzi mwingine, na huyo akisikia yaliyompata mwenzake hatavunja lakiri hata mama yake mzazi akifa barazani. Akijitaja mwenyewe, atafungwa, na yule wa kutambaa ataachiwa nani? Na akinyamaza mpaka mwenyekiti achoke kungoja, sufuria inaondoka, na mdogo wake atazalia pale pale kwenye nguzo.

Nimewauliza wazee, nimewauliza wasomi, kila mmoja ananiambia ngoja nifikirie. Sikudhani hana nafasi ya kungoja. Kidole chake kimeshainuka, na watu wote watatu waliompa uhai wanamkwepa macho.

Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, ungekielekeza kwa nani?