Wimbo Uliopigiwa Mbiu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na kiu!

Na maji?

Maji yana mwenyewe!

Haya, sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa hivi, maana mbele hutaweza.

Mito ilikauka yote, likabaki bwawa moja. Ndani yake kajilaza Kiboko, bubu-bubu-bubu, peke yake. Ukitaka funda la maji, sharti umwimbie sifa. Swala akaimba, akapewa funda. Nyani akaimba, akapewa funda. Sifa zikazidi kurefuka, funda likazidi kupungua.

Chura alikuwa na watoto wake, viluwiluwi, kwenye kidimbwi jirani. Asubuhi kidimbwi kama sinia, adhuhuri kama sahani. Roho ikamuuma mama wa watu. Akaenda ukingoni, akatuna, akapasua sauti mbaya isiyo na haya:

"Kwaa! Bwawa letu, tumbo lake!

Kwaa! Inuka, Kiboko, toka!"

Mamba, askari wa bwawa, akamdaka, pu!

"Mama watoto," Kiboko akasema, "nisifu tu, wanao waingie."

"Kobe alikusifu mpaka akapwelewa sauti, wanawe wakaingia. Wako wapi?"

Mamba akatazama pembeni.

"Basi utakufa!"

"Sawa, bwana mkubwa. Ila kosa lisilopigiwa mbiu, nani atalijua? Kesho mwingine ataimba kwa bahati mbaya. Utangazwe wimbo wenyewe, neno kwa neno, kila mtu ajue haufai."

"Kumbe ana akili huyu!" Kiboko akafurahi, maana alipenda sana amri zake zisikike. Chura akafunikwa jiwe angoje kifo. Hondohondo, mpiga mbiu, akatumwa.

"Du! Du! Du! Ni marufuku kuimba!"

"Kuimba nini?" wakauliza wa kilimani.

"Bwawa letu, tumbo lake!"

"Kuimba nini?" wakauliza wa bondeni.

"Bwawa letu, tumbo lake! Inuka, Kiboko, toka!"

"Hebu rudia, hatukusikia vizuri."

Akarudia, maskini, na sauti akaitia. Hata wasiomjua Chura wakaujua wimbo wote. Wakashuka, tembo kwa nyati kwa ngiri, vumbi timtim, wote wanaimba. Kiboko akatoka mbio, na Mamba alikuwa ameshamtangulia.

Nyati akalisukuma jiwe. Chura hakunywa. Akajaza maji mdomoni, akaruka, chwa, chwa, chwa, mpaka kidimbwini.

Tope limepasuka nyufa. Vimkia vya wanawe vimekauka juu yake. Akayamwaga yale maji hapo hapo, ardhi ikayanywa. Uchungu ulioje, jamani! Huku nyuma wenzake wanaoga na kushangilia, hakuna aliyeuliza kakimbilia wapi.

Ngano yangu imefika ukingoni, na mimi nashuka. Mnataka funzo? Haya, shikeni: wanangu, mkubwa haimbiwi vibaya. Mtoto mwenye adabu hunyamaza, akafa kwa kiu, akazikwa kwa heshima.