Bi Kiboko na Njia Tatu za Chemchemini

"Jamani, masikio yapo?"

"Yapo, yana njaa!"

"Niyalishe?"

"Yalishe!"

Basi hapo zamani, zamani za kale, mwana wa Bi Kiboko aliugua. Aliugua hata akashindwa kunyonya. Bi Kiboko akaweka nadhiri: "Mwanangu akipona, nitakwenda kwa miguu yangu mpaka chemchemi ya Mlima Sengo, nikashukuru."

Mtoto akapona. Bi Kiboko akamwacha kwa dada yake, akashika safari. Rafiki yake Yangeyange, yule ndege mweupe, akakaa mgongoni.

Wakafika njia panda. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilipanda miambani, fupi. Ya pili ilikata mchangani, imenyooka. Ya tatu ilifuata mto, ikizunguka, ikizunguka, mwisho wake hauonekani.

Bi Kiboko akaimba:

*Miguu yangu mifupi,*
*tumbo langu pana,*
*njia yangu ni ipi?*

Hapo alikuwa amekaa Fisi. "Pita miambani, mama," akasema. "Hiyo ndiyo njia ya mahujaji wa kweli. Anayepita mtoni, nadhiri yake haipokelewi."

Kumbe mwongo! Fisi alikuwa akiwanyemelea wasafiri, akingoja mmoja aanguke apate kitoweo.

Yangeyange akauliza, "Mbuzi mawe hupanda huko kwa kurukaruka. Wewe utarukaje?"

"Nitajikaza," akasema Bi Kiboko. Aliona haya kuchagua njia rahisi ya mtoni.

Akapanda. Akateleza. Akapanda tena, jiwe likang'oka, akabingirika mpaka chini, puu! Goti likachubuka. Fisi akajilamba midomo.

Bi Kiboko akarudi njia panda, akaimba:

*Miguu yangu mifupi,*
*tumbo langu pana,*
*njia yangu ni ipi?*

"Basi pita mchangani," akasema Fisi. "Huko hakuna kupanda."

Yangeyange akauliza, "Na maji yako wapi huko?"

Bi Kiboko akaingia mchangani. Akaenda. Jua likawaka. Ngozi ikakauka, ikapasuka, ikatoa damu. Akaanza kupepesuka. Nyuma yake akasikia Fisi anacheka peke yake.

"Huyu anacheka nini?" Bi Kiboko akajiuliza. Akageuka, akajikokota kurudi.

Mara ya tatu akasimama njia panda, akaimba. Fisi akafungua mdomo.

"Nyamaza, bwana," Bi Kiboko akamwambia. "Safari hii nauliza mwili wangu." Kisha akanong'ona, "Yangeyange, na nadhiri ikikataliwa?"

"Tukifika tutauliza. Tusipofika, tutamuuliza nani?"

Wakashika njia ya mto. Asubuhi Bi Kiboko alitembea ukingoni, akila majani. Jua likipanda, aliingia majini, akatembea chini kwa chini, pua nje. Akichoka, alipumzika. Kila kona akauliza, "Kuna nini mbele?" Yangeyange akaruka kutazama, akarudi kumwambia.

Fisi akawafuata, tumbo tupu. Wakafika mahali kingo zimebanana, hapana pa kukanyaga ila majini. Bi Kiboko akapita.

"Ikiwa huyu mnene amepita, mimi mwenye mbio nitashindwaje?" akasema Fisi. Akajitosa. Mto ukamchukua, ukamgongesha huku na huku, ukamtupa huko chini, kiuno kimeteguka. Tangu siku hiyo Fisi hutembea kama anayechechemea.

Mwezi ukaandama, ukaisha, mwingine ukaandama. Bi Kiboko akafika. Mlinzi wa chemchemi alikuwa Pimbi, mdogo, macho yamemtoka.

"Mama, umepita njia gani?"

"Ya mto," Bi Kiboko akasema polepole. "Je, nadhiri yangu haipokelewi?"

"Nani kakwambia hivyo? Nimeuliza kwa kuwa sijawahi kuona kiboko huku juu. Nilitaka kujua tu! Uliahidi nini?"

"Kuja kushukuru."

"Si umekuja?"

Bi Kiboko akainama, akanywa. Akalitaja jina la mwanawe kwa sauti, na machozi yakamtoka.

Basi wanangu, mkitaka safari ndefu, ulizeni miili yenu kwanza, kisha mchague njia. Usishike njia ya mwenzio kwa kuona haya, wala usimsikilize anayengoja uanguke.

Ngano yangu imefika salama. Anayeitaka aibebe, akawasimulie wa kwao.