Maji ya Ukurasa wa Kwanza

Hapo zamani, zamani ya jana na juzi, mwanamke mwenye mimba kubwa aliuliza katikati ya sherehe: "Haya maji tunayoyashukuru, yako wapi?" Vigelegele vilikuwa vimeshaanza.

Jina lake Mwanjaa, wa kijiji cha Magulunde, na siku hiyo Mheshimiwa alikuja kuzindua wodi ya wazazi. Wodi nzuri, rangi mbichi, mabomba yanang'aa. Maji, hakuna. Pampu ilikuwa bado imelala stoo ya wilaya, na kila aliyekwenda kujifungua alikwenda na madumu yake mawili kutoka mtoni.

Mkunga wa wodi, Sikitu, ndiye aliyepewa kusoma risala, kwa kuwa sauti yake hufika nyuma bila kipaza sauti. Mwandishi alikuwa Mwalimu Mbwiliza, bingwa wa risala tarafa nzima. Nanyi mnazijua risala: ukurasa wa kwanza sifa, wa pili sifa tena, wa tatu ndipo mtu anakohoa na kutaja "changamoto chache". Mwalimu akamshukuru Mheshimiwa "kwa maji safi na salama uliyotuletea". Hajaleta, ndiyo. Lakini ndivyo ifanyikavyo: mgeni hushukuriwa kwanza, ili aone haya asipoleta. Ukweli ukawekwa ukurasa wa tatu: pampu haijafika, tunaomba.

Sikitu akasoma wa kwanza, akasoma wa pili. Mshereheshaji akamnong'oneza, "Dada, fupisha. Mheshimiwa ana safari na pilau linapoa." Sikitu akaukunja wa tatu.

Karani wa wilaya, Shedafa, akaichukua ile risala, akaenda kuandika taarifa: "Magulunde, maji yamefika." Pampu ikapelekwa kijiji cha jirani, ambako mwandishi wao hana adabu, alianza kulalamika hata kabla ya salamu.

Wiki ya tatu Mwanjaa akashikwa na uchungu. Madumu mawili yakaisha, kazi bado mbichi. Sikitu akanawa mikono kwa soda ya machungwa iliyobaki kwenye sherehe. Mtoto akatoka salama. Mama mtu akalala na homa siku tisa, na Sikitu siku tisa hakumtazama mumewe Mwanjaa usoni.

Kijiji kikachachamaa. Mkutano ukakata shauri: mwenye kosa atabeba madumu kumi kila siku, mtoni hadi wodini, mpaka pampu ipatikane. Mtu mmoja, kichwa kimoja.

Mwalimu Mbwiliza akasimama, akarekebisha koti. "Ndugu zangu, risala si ushahidi wa mahakamani. Risala hupambwa kama bibi harusi. Ile shukrani ilikuwa ombi, nimelivalisha nguo za sikukuu. Nani hapa hajui?"

"Shedafa hakujua!" mtu akapaza sauti.

"Basi asome zaidi."

Karani naye akasimama. "Mimi kazi yangu ni taarifa, na taarifa haipigi vigelegele. Niliandika yaliyosomwa mbele ya watu mia tatu. Mlitaka niandike 'wanasema yapo, ila nahisi wanapamba'?"

"Ungefungua bomba, mwanangu!" akasema mama mmoja.

"Kufungua bomba hakukuwa kwenye ratiba, mama."

"Pilau lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Watu wakacheka, vicheko vya uchungu. Sikitu peke yake hakucheka. "Shedafa," akauliza, "risala uliichukua yote. Ukurasa wa tatu uliusoma?"

Karani akatazama viatu vyake. "Dada, changamoto za vijiji zinafanana. Huwa hatuzisomi."

Zamu ya Sikitu ikafika. "Mimi niliambiwa fupisha," akasema. "Ningeweza kukata sifa nikabakiza shida. Nikakata shida. Niliogopa kuonekana sina heshima mbele ya mkubwa wa kazi yangu. Wodi ile naijua, madumu yale nayahesabu mimi. Na msinihurumie kwa kuwa mimi ndiye mkunga."

Mheshimiwa hakuitwa. Mheshimiwa alituma barua yenye muhuri, ikasomwa mkutanoni: anawapongeza wana Magulunde kwa kupata maji.

Mwenyekiti, Mama Nyangeta, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kila mmoja kasema kweli na kila mmoja ananuka. Akaahirisha kikao. Kesho yake mjamzito mwingine akapanda kilima, dumu kichwani, dumu mkononi.

Je, nani alistahili kubeba yale madumu: aliyepamba, aliyekunja, au aliyenakili? Na kama jina lililo mdomoni mwako ni la yule ambaye hakuitwa, nani atakwenda kumwita?

Usinitungie hotuba. Naomba jina moja, ulitaje kwa sauti.