Chai ya Kingu

Mnywa chai ya muuzaji haoni kilema. Mmeisikia leo kwenye kikao cha kikoba, mwenyekiti akimwambia Hango aliyekuwa anakisifu kiwanja anachotaka kukinunua na ambacho hata hajakizunguka, nanyi mkacheka kama mnaoielewa. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Mmemuuliza mwenyewe, maana chai hiyo niliinywa mimi bibi yenu. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka niliostaafu unesi nililipwa mafao ya miaka thelathini na miwili. Wajukuu zangu, mafao hayana mwezi ujao. Ukiyapoteza yamepotea, na uzee ndio kwanza unaanza. Nilitaka mashine ya kukamua alizeti, kwa kuwa huku kwetu Singida alizeti haikosekani, na Kingu, binamu wa marehemu babu yenu, alikuwa anauza ya kwake. Nilikuwa tayari kumlipa siku ile ile. Mama yenu ndiye aliyenizuia, akasema nimwone kwanza Ntandu.

Kazi ya Ntandu ilikuwa kuwashauri watu juu ya fedha zao. Hakuuza kitu, wala hakuwa wakala wa mtu. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya posta, na mlangoni ameandika ada yake kwa chaki: elfu thelathini, ununue usinunue. Nilimwona mtu wa ajabu kidogo, nikamuuliza kama kweli hapati chochote kwa wauzaji.

"Nilipata kwa miaka kumi na mmoja," akasema. "Nilikuwa wakala wa kampuni moja ya akiba. Kila niliyemwandikisha, nilipewa changu. Nikamwandikisha shangazi yangu mpango wa miaka kumi na mitano. Unajua alikuwa na umri gani, Nesi?"

"Nitajuaje?"

"Sabini na mmoja. Akanishukuru, akanichinjia na kuku."

Hakutabasamu. Shangazi alifariki mwaka wa tatu, na walichorudishiwa watoto wake hakikufika hata nusu ya alichokuwa ameweka. Mwezi ule ule Ntandu aliacha kazi. Tangu hapo alilipwa na anayemshauri tu, basi.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwa Kingu. Mashine ilikuwa inanguruma uani, mafuta yanatiririka mazuri kabisa, roho yangu ikatulia.

"Karibuni! Shemeji, chai kwanza, maneno baadaye."

Ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi, na chapati za moto. Nikanywa kikombe cha kwanza. Nikanywa cha pili nikimsifu mke wa Kingu, na cha tatu sikumbuki hata nilimiminiwa saa ngapi. Ntandu akashukuru, akasema hanywi.

Jamani, mnajua kwetu kukataa chai ya mwenyeji ni nini. Niliona aibu mpaka nikamkanyaga mguu.

"Hata funda moja?" Kingu akauliza, uso umeanza kubadilika.

"Nikimaliza kazi, ndugu yangu." Akainuka, akaenda kwenye mashine, akagusa injini kwa kiganja na kukiondoa upesi. "Umeiwasha saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Nilitaka mkute imechangamka."

"Basi izime, ipoe. Kisha uiwashe mbele yetu."

Kingu akasema haina haja. Akasema mafuta si tunayaona? Akaniita shemeji mara tatu kwa pumzi moja. Ntandu hakubishana naye, akaketi kwenye gogo akasubiri, na mwishowe Kingu akaizima.

Kufika saa saba mchana injini ilikuwa imepoa. Kingu akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Akazungusha mara ya saba, ya nane, shati limelowa jasho. Injini iliyochoka ndivyo ilivyo: ikiwa moto inaimba, ikipoa haiamki.

"Nesi amekulipa kiasi gani uje kuniharibia biashara?" Kingu akafoka.

"Elfu thelathini. Ningemwambia anunue, zingekuwa hizo hizo."

Nilijicheka mwenyewe. Miaka thelathini na miwili nilishika vipaji vya nyuso vya wagonjwa kupima homa, na mashine yenye homa sikuigusa! Baadaye Ntandu alinisaidia kupata nyingine, ndogo kuliko ile, na ndiyo hii inayowalipia ada ya shule mpaka leo. Kila nikiisikia ikiamka asubuhi nafurahi.

Kingu alininunia hadi mavuno. Kisha akauza alizeti yake vizuri, akataka trekta la mkononi. Mtu wa kwanza kumwendea, mtamdhani nani? Alifika nyuma ya posta na elfu thelathini zake. Akanipitia na mimi twende pamoja naye na Ntandu, na nikajua ndiyo namna yake ya kuomba yaishe.

Mwenye trekta alitupokea kwa furaha. Mkeka ukatandikwa, birika likaletwa linafuka, na bakuli la mihogo ya kukaanga. Kingu, ambaye kwa chai nilimjua hana simile, akafunika kikombe chake kwa kiganja kabla hakijamiminiwa. Mwenyeji akashangaa, akamuuliza kama amekosewa nini.

Kingu akanitazama mimi, akaona haya kidogo, kisha akacheka.

"Hujanikosea, ndugu yangu. Washa kwanza hilo trekta. Mnywa chai ya muuzaji haoni kilema."