Matofali ya Nyumba ya Kileleni

Haya, kaeni mkao wa kusikia, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Katika bonde moja watu waliishi kwa kuchoma matofali. Matanuri yalizidi hata moshi ukafunika bonde kama mfuniko wa sufuria, na watu wakawa wanaiva chini yake. Mvua ilikata. Watoto wakaanza kukohoa, na aliyekohoa kuliko wote alikuwa Mwanamvua, binti wa pekee wa Siwatu.

Siwatu alikuwa na kipaji. Aliuvuta moshi hewani kwa pumzi zake, akautema chunguni mzito kama uji, na kila alipotema pumzi zilipungua.

Kaka yake Mbaruku naye alikuwa na kipaji. Alikibeba chungu hicho hadi mlimani bila kumwaga tone, na kila alipobeba ngozi ya mabega ilibanduka.

Mdogo wao Hiza aligusa mwamba ukafunguka, akaumimina moshi ndani, mwamba ukajifunga. Ulijifunga na kidole chake kimoja kila mara.

Bi Mkasi, mjane, hakuwa na kipaji chochote. Alizima tanuri lake, basi, akalala njaa. Watu wakamcheka: "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole!"

Jumbe Mndolwa akatangaza, "Atakayetusafishia anga nitamjengea nyumba kileleni, juu ya moshi. Ni nyumba ya mtu mmoja na wanawe."

Siwatu aliitaka nyumba hiyo kwa ajili ya kifua cha Mwanamvua, si kwa jingine. Akavuta, Mbaruku akabeba, Hiza akazika. Siku ya arobaini mawingu yakaonekana, vigelegele vikapigwa. Kisha watu wakaongeza matanuri.

"Jumbe, mbona mnawasha tena?" Siwatu akauliza.

"Wasiwasi wa nini, binti yangu? Si mpo ninyi?"

"Na haya saba mapya?"

"Hayo? Yanachoma matofali ya nyumba yenu ya zawadi."

Siwatu alivuta mpaka akatema damu. Matanuri saba hayakumsubiri. Nyumba ilipomaliziwa kupakwa chokaa, Mwanamvua alikuwa na siku tatu kaburini, na mama yake hakuwa na pumzi ya kumlilia.

Jumbe akawaita, ufunguo mkononi.

Mbaruku akasema, "Bila mabega yangu, moshi ungebaki humu humu."

Hiza akainua mikono yenye vidole vitatu vilivyosalia. "Bila mimi, ungerudi."

"Moshi wangu mimi haukumsumbua mtu kuuvuta," akasema Bi Mkasi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Siwatu akasema kwa sauti ndogo, "Nipeni mimi. Nataka kuibomoa."

Jumbe akatikisa kichwa kwa huruma, tena huruma ya kweli. "Ukiibomoa, binti yangu, itabidi tuchome matofali mengine."

Mpaka leo ufunguo uko mkononi mwa Jumbe. Apewe aliyevuta, ambaye hana tena wa kumlaza humo? Aliyebeba? Aliyezika? Au aliyezima tu, akachekwa?

Je, wewe ungeamua vipi? Amua upesi, maana yale matanuri saba bado yanawaka.